Rivolva, Gobore na Bonde la Pangani

Maswali ya chemsha bongo juu ya silaha za zamani hupendwa sana na vijana katika madarasa yetu, na si vibaya. Nani aligundua rivolva? Mwaka gani? Ilipiga risasi ngapi? Anayejibu upesi hupigiwa makofi. Kasoro yake ni kwamba maswali ya namna hiyo huigeuza historia kuwa orodha ya mabwana wakubwa, na silaha ikaonekana kama kitu kilichodondoka kutoka kichwani mwa mtu mmoja. Basi, ndugu msomaji, tuyachukue maswali hayo hayo, lakini tuyajibu tukiwa Segera, pale barabara ya Chalinze inapokutana na ile ya Tanga na Moshi, Uzigua nyuma yetu na milima ya Usambara mbele yetu.

Jibu linalotarajiwa kwa swali la kwanza ni Samuel Colt, Mmarekani, aliyepata hati ya haki ya uvumbuzi Uingereza mwaka 1835 na Marekani mwaka 1836. Hiyo ni nusu ya ukweli. Mafundi wa Ujerumani walikwisha kutengeneza bunduki zenye vyumba vya kuzunguka tangu karne ya 16, na mwaka 1818 Elisha Collier alipata hati mjini London kwa silaha ya gumegume ya aina hiyo. Alichokamilisha Colt ni kazi ya nyundo: ukiivuta nyuma, vyumba vya risasi vinazunguka na kimoja kinajifunga sawasawa na mtutu. Pamoja na ufundi huo, kampuni yake ya Paterson ilifilisika mwaka 1842. Kilichomwinua ni vita. Marekani ilipoivamia Mexico, serikali iliagiza rivolva 1,000, naye, kwa kuwa hakuwa na kiwanda, mwaka 1847 akazitengenezesha katika karakana ya mtoto wa Eli Whitney, yule yule aliyebuni mashine ya kuchambua pamba iliyokaza minyororo ya watumwa wa kusini. Kufikia mwaka 1855 Colt alikuwa na kiwanda kikubwa mjini Hartford, ambamo mashine zilikata vipande vya kufanana na kila mfanyakazi alishughulikia kipande chake tu. Mafundi elfu wasiojulikana majina ndio waliotengeneza rivolva. Jina likabaki la mwenye kiwanda.

Ubepari haukuishia hapo. Rollin White alipata hati mwaka 1855 juu ya vyumba vilivyotobolewa mpaka nyuma ili risasi ya ganda iingizwe kwa urahisi. Smith & Wesson waliikodi, wakaanza kuuza mwaka 1857 kwa kumlipa senti 25 kila rivolva, na wengine wote wakazuiwa mpaka mwaka 1869. Haki ya uvumbuzi hapo ilikuwa kufuli.

Sasa tuje kwetu. Burton na Speke walipopanda kutoka Pangani mwaka 1857 kwenda Vugha kumwona Kimweri ye Nyumbai, bunduki hazikuwa ngeni katika bonde hili. Wazigua walizipata mapema kuliko Wasambaa, kwa kuwa walikuwa karibu na wafanyabiashara wa pwani. Lakini hazikuwa rivolva. Zilikuwa gobore za gumegume, baadaye za fataki. Majeshi ya Ulaya yalipohamia bunduki za kujaziwa nyuma, mabohari yakajaa gobore zilizopitwa na wakati, na wachuuzi wakazimwaga Afrika. Mwaka 1888 Euan-Smith, balozi wa Uingereza Unguja, alikadiria kuwa bunduki 80,000 hadi 100,000 ziliingia kwa mwaka.

Zilinunuliwa kwa nini? Hapa ndipo darasa huwa kimya. Zilinunuliwa kwa pembe za ndovu na kwa watu. Baada ya Kimweri kufariki mwaka 1862, mwanawe Semboja alikaa Mazinde, chini tambarare kwenye njia ya misafara, akapata bunduki, akapigana na Shekulwavu aliyekuwa Vugha. Utawala wa zamani ulisimama juu ya kodi ya wakulima wa mlimani. Utawala mpya ulisimama juu ya baruti, na baruti ilidai mateka, na mateka walitekwa kwa baruti. Wapo wanaopenda kumsifu kila mtawala wa zamani kwa sababu tu hakuwa Mzungu. Mimi siwaungi mkono. Mwanamke aliyeuzwa Pangani hakupata nafuu kwa kujua kwamba muuzaji alikuwa jirani yake.

Kwa nini basi rivolva haikuenea kama gobore? Gobore hula chochote: baruti ya kienyeji, kipande cha chuma, hata kokoto, na mhunzi wa kijijini huweza kuitengeneza. Rivolva ya risasi za ganda inamtegemea mwenye kiwanda kila siku. Risasi zikiisha, ni chuma tu.

Tofauti hiyo ilionekana wazi mwaka 1889. Watu wa Abushiri huko Pangani na wa Bwana Heri huko Saadani na Uzigua hawakukosa bunduki wala ushujaa. Wissmann alikuja na mizinga, bunduki za kisasa, na askari wa kukodiwa kutoka Misri na Msumbiji, wote wakilishwa risasi kwa meli. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba, 1889; Bwana Heri alisalimu amri mwaka uliofuata. Kisha, tarehe 2 Julai, 1890, mabeberu walitia sahihi Mkataba wa Brussels, uliozuia uingizaji wa silaha za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika. Walisema ni kwa ajili ya kukomesha utumwa. Silaha za majeshi yao hazikuguswa.

Ndivyo rivolva ilivyobaki kiunoni mwa afisa. Reli ilipofika Korogwe mwaka 1902, aliyesimamia alikuwa nayo. Aliyebeba mataruma hakuwa nayo.