Walimu wa UPE, deni tusilolitaja

Cheti cha kuzaliwa wengi hawakuwa nacho, basi kipimo kilikuwa mkono. Mtoto alisimama mbele ya mwalimu, akapitisha mkono wa kulia juu ya utosi, akajaribu kulishika sikio la kushoto. Ukifika, unaandikishwa darasa la kwanza. Usipofika, rudi nyumbani ukakue kwanza.

Lakini kulifikia sikio hakukuwa na maana ya kupata nafasi. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, shule za msingi zilikuwa na wanafunzi wasiofika nusu milioni, na wengi waliishia darasa la nne. Ada ilifutwa 1973. Mwaka uliofuata, Halmashauri Kuu ya chama tawala, TANU, ilikutana Musoma na kuamua kwamba kila mtoto awe shuleni ifikapo mwisho wa 1977. Ndiyo UPE, Universal Primary Education, yaani elimu ya msingi kwa wote. Mpango wa awali ulikuwa 1989. Miaka kumi na miwili ikakatwa hivi hivi, kikaoni.

Watoto wakaja. Wa kuwafundisha wakawa hawapo, kwani vyuo vya ualimu visingeweza kutoa makumi ya maelfu ya walimu kwa kasi hiyo. Serikali ikawageukia vijana waliomaliza darasa la saba. Wakabaki vijijini, sehemu ya siku wakifundisha, sehemu nyingine wakiwa wanafunzi wenyewe, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na wakufunzi waliowatembelea. Hebu mfikirie kijana ambaye jana alikaa kwenye dawati, leo ameshika chaki mbele ya darasa lililofurika, na baadhi ya wanafunzi wake ni wadogo zake wa kuzaliwa.

Mtaani UPE ikapewa kirefu kingine: Ualimu Pasipo Elimu. Mzaha ulichoma, na haukuwa uongo mtupu. Vitabu vilikuwa haba, watoto walibanana, na wapo waliomaliza darasa la saba wakisoma kwa kubahatisha. Ila kuna jambo sijapata kulielewa: wengi wanaourudia mzaha huo, herufi "a" walifundishwa na hao hao wanaowacheka.

Miaka ya 80 uchumi uliyumba, ada ikarudi kwa jina la michango, na madarasa yakaanza kupungua watu. Ilibidi tusubiri MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwaka 2002, ada ifutwe tena. Watoto wakafurika upya, wakiwemo wakubwa waliokuwa wameshakata tamaa. Zikafuata shule za sekondari za kata, na walimu waliopikwa haraka haraka wakapachikwa jina la vodafasta. Mzaha ule ule, shati jipya. Januari 2016 elimu bila ada ikafika kidato cha nne, na 2022 ikafika cha sita. Anayesoma "St. Kayumba", kama tunavyoziita shule za serikali kwa utani, leo anaweza kwenda mpaka mlango wa chuo kikuu bila ada.

Sasa sera mpya inataka elimu ya msingi iishie darasa la sita, na elimu ya lazima iwe miaka 10. Kwa mpango huo, darasa la sita na la saba watamaliza pamoja 2027, na Januari 2028 madarasa mawili yataingia kidato cha kwanza kwa mpigo. Wizara ianze kuwaandaa walimu wao sasa, wapite chuoni kwanza ndipo waingie darasani.