Ubao Mfupi na Wimbi Dogo

Historia ya kupanda mawimbi kwa ubao hudhaniwa kuwa ni historia ya mawimbi makubwa tu. Lakini wimbi dogo nalo limekuwa mwalimu. Msukumo wake ni haba: ubao mwembamba hudidimia chini ya mpandaji, na ubao mrefu hukosa nafasi ya kugeuka. Dawa yake ni ubao mfupi, lakini mpana na mnene. Unene huueleza, upana huutelezesha juu ya maji mapema, na ufupi huugeuza upesi.

Katika mwaka wa 1967, Steve Lis wa San Diego, Marekani, aliunda ubao mfupi na mpana, wenye mapezi mawili na mkia uliogawanyika kama wa samaki. Aliukusudia upandwe kwa magoti. Mwaka wa 1976 Reno Abellira wa Hawaii alifika Australia na ubao wa jamii hiyo, urefu wake futi 5 na inchi 3. Mark Richards, Mwaustralia mwenye umbo kubwa aliyetaabika katika mawimbi madogo, aliutazama, akajifunza, akaunda wake. Toka 1979 hata 1982 alikuwa bingwa wa dunia mara nne mfululizo.

Katika miaka ya 1990 mbao zilikondeshwa mno, na watu wa kawaida, kwa kuwaiga mabingwa, wakazama nazo. Fahari iliwanyima furaha. Mwenye busara hupima kwanza maji yaliyo mbele yake na uzito wake mwenyewe, ndipo achague ubao. Asiyepima huchagua sifa za mtu mwingine.