Mnara wa Chumbe: Taa Iliyobaki Kazini

Boti ya Unguja ikishatoka mlango wa bandari ya Dar es Salaam, abiria wengi wa Temeke huanza kutafuta pa kuegemeza kichwa, hasa bahari ikichafuka. Anayevumilia huona, kabla Mji Mkongwe haujajitokeza, mnara mmoja juu ya kisiwa chenye msitu. Hicho ndicho Chumbe, kilomita kama 12 kusini magharibi mwa mji wa Zanzibar.

Waingereza waliujenga mwaka 1904, Unguja ikiwa chini ya himaya yao na Sayyid Ali bin Hamud akiwa sultani. Njia ya meli kutoka kusini ina mafungu na miamba pande zote, na nahodha aliyefika usiku alihitaji alama. Kisiwa chenyewe hakizidi sana kilomita moja kwa urefu, na hakina kisima. Watunza taa walijengewa nyumba na msikiti mdogo wa mtindo wa Kihindi ambao hadi leo upo. 

Mwaka 1926 taa ikawekewa mitambo ya gesi ya kampuni ya AGA ya Sweden. Gesi yenyewe ni asetilini, ile ile ya mitungi ya mafundi wa kuchomelea vyuma gereji za Temeke. Mkuu wa kampuni hiyo, Gustaf Dalén, alikuwa amebuni kifaa cha kuitoa kwa vipindi, taa ikawa inamweka badala ya kuwaka mfululizo, na gesi ikadumu. Akabuni pia vali ya jua: ufito mweusi hunyonya mwanga wa mchana, hutanuka na kufunga gesi, jua likizama husinyaa, gesi ikapita. Kwa ubunifu huo alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1912. Mwaka huo huo mlipuko wa asetilini ulimpofusha, na nduguye ndiye aliyekwenda kuipokea. Taa za namna hii hazikuhitaji mtu wa kukesha nazo.

Lakini kilichokipa Chumbe jina duniani kiko chini ya maji. Kwa miaka mingi wavuvi hawakuruhusiwa kukaribia upande wake wa magharibi, kwa kuwa meli kubwa hupita hapo na wanajeshi walifanya mazoezi jirani. Hakuna aliyekusudia kuhifadhi matumbawe; yalinusurika tu. Huku kwetu, miamba ya karibu na Dar es Salaam ilipigwa baruti mpaka sehemu nyingine zikabaki kifusi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mjerumani Sibylle Riedmiller aliishawishi Serikali ya Zanzibar, na mwaka 1994 Chumbe ikatangazwa hifadhi ya bahari, chini ya usimamizi wa kampuni binafsi. Nyumba ya mtunza taa, iliyokuwa imebaki gofu, ikakarabatiwa kuwa kituo cha wageni. Mwaka 1997 panya wa kisiwani wakateketezwa. Kaa wa nazi, yule mkubwa anayepanda miti, bado wapo msituni.

Walinzi wa kwanza walichukuliwa miongoni mwa wavuvi wa vijiji vya ng'ambo. Hawabebi bunduki. Wakikuta ngalawa ndani ya mipaka huisogelea na kumweleza nahodha kwamba samaki wanaozaliana hapa ndio atakaowavua nje.