Reli iliyobeba waliofukuzwa: nani alipaswa kusamehe?

Reli inayotoka Likasi inapita Tenke, Luena na Bukama, inafika Kabondo-Dianda, kisha inaendelea Kamina mpaka Kasai. Mwaka 1992 na 1993, mamia ya maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miji ya Katanga, na wengi wao walipitia njia hii. Likasi na Kolwezi walilala wiki nyingi kwenye stesheni wakingojea gari la moshi. Watoto waliugua, wengine wakafa. Wengi walikuwa wamezaliwa Katanga. Kasai hawakuwahi kuiona hata siku moja.

Hasira ile ilikuwa na mizizi. Wakati wa ukoloni, Union Minière na kampuni ya reli zilileta wafanyakazi wengi kutoka Kasai. Baadaye wenyeji wengi waliona kwamba kazi nzuri zimeshikwa na wageni. Agosti 1992, Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mwana wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mwana wa Katanga. Moto ukawaka. Wafuasi wa liwali Gabriel Kyungu wa Kumwanza, pamoja na vijana wa chama cha UFERI, waliwaita watu wa Kasai "bilulu", yaani wadudu. Mobutu, ambaye upinzani ulikuwa unamsonga, alipata faida watu walipogawanyika.

Lakini wazee walikumbuka mambo mengine. Mwaka 1960, Baluba wa Katanga katika chama cha Balubakat cha Jason Sendwe walisimama pamoja na watu wa Kasai kupinga Conakat ya Moïse Tshombe. Tshombe alipoitenga Katanga, askari wake walichoma vijiji vya Baluba upande wa kaskazini. Mwaka 1961, makumi ya maelfu ya Baluba, wa Katanga na wa Kasai, walikimbilia kambi moja iliyolindwa na Umoja wa Mataifa huko Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Miaka 31 baadaye, jamii moja kati ya zile zilizolala kambini pamoja ilifukuzwa, na katika ile nyingine walitoka baadhi ya wafukuzaji.

Na wakubwa je? Tshisekedi na Kyungu walikuwa kati ya wabunge 13 waliomwandikia Mobutu barua ya kumpinga mwaka 1980. Mwaka 1992 wakawa maadui. Mwaka 2016 wakajikuta tena upande mmoja, katika muungano wa wapinzani wa Joseph Kabila. Mwaka 2019, rais Félix Tshisekedi, mtoto wa Étienne, alimtaja Kyungu kuwa mkuu wa baraza la usimamizi la SNCC, shirika la reli ile ile. Kyungu alifariki mwaka 2021.

Wahenga walisema tembo wakipigana, nyasi ndizo huumia. Hapa tembo walipatana, na nyasi hazikuulizwa. Mapatano ya wanasiasa ni kitu chema kama yanazuia damu, lakini si msamaha. Aliyepoteza mtoto stesheni, au aliyeacha nyumba ikatwaliwa, ndiye mwenye haki ya kusamehe. Hakuna mkubwa anayeweza kumsamehea.

Hata hivyo, watu wengi wa Kasai walirudi Katanga baadaye. Walifungua maduka, walioa na kuolewa, watoto wao wakasoma shule moja na watoto wa wenyeji. Hawakusahau, lakini hawakulipa kisasi. Hilo ni jambo kubwa kuliko saini za wakubwa.

Kwa familia zilizohama leo kwa sababu ya vita au ugomvi wa mashamba, swali ni lile lile. Kusamehe si kusema kwamba hakuna kilichotokea. Aliyekosa akitaja alichofanya, na akirudisha kinachoweza kurudishwa, mzigo wa aliyekosewa unapungua. Na jirani akianza kuitwa mdudu, hapo ndipo pa kukataa, kabla watu hawajaanza kufunga mizigo kwenda stesheni.