Kipande Shingoni

Sisi tulio ughaibuni tunaijua foleni ya dirishani: bila karatasi, mtu si mtu. Wazee wetu wa Kenya waliyaonja mapema. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915, ikatekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alibeba alama za vidole vyake na habari za ajira yake katika kikebe cha bati shingoni. Akiondoka kazini bila sahihi ya mwajiri, alihesabiwa mtoro.

Max Weber, mwanasosholojia Mjerumani aliyefariki mwaka 1920, alieleza kuwa ofisi ya kisasa hutawala kwa faili na kanuni, bila kutazama uso wa mtu. Kipande kilitazama uso: mlowezi hakukivaa. Basi tukiombwa karatasi, tuulize pia ni nani haombwi.