Vijana na Motokaa za Umeme

Mtu akisimama Kapkatet, kando ya barabara itokayo Litein kwenda Sotik, huona malori yaliyosheheni majani ya chai yakipanda vilima kwa kishindo, huku yakitoa moshi mweusi. Kwa kuwa ndivyo tulivyozoea tangu utoto, twadhani motokaa na moshi ni mtu na kivuli chake. Historia yatufundisha vingine.

Tarehe 29 Aprili 1899, Mbelgiji mmoja aitwaye Camille Jenatzy aliendesha motokaa ya umeme huko Achères, karibu na Paris, kwa mwendo uliozidi kilomita 105 kwa saa. Kabla yake hapakuwa na motokaa yoyote iliyopata kuvuka kilomita 100. Lakini betri za siku zile zilikuwa nzito, na nguvu zake ziliisha upesi. Petroli ilipopatikana kwa wingi, motokaa za umeme zikaachwa.

Karne moja baadaye vijana wa shule waliifufua fikra ile. Mwaka 1999, huko Goodwood, Uingereza, yalianza mashindano ya Greenpower, ambamo wanafunzi hushindana kwa motokaa za umeme walizoziunda wenyewe. Yana sharti moja la hekima: kila kundi hutumia mota na betri za namna moja. Mshindi ni yule aendaye mbali zaidi katika muda uliowekwa. Dereva akikimbia ovyo mwanzoni, betri humwishia njiani. Hivyo ushindi hutokana na chombo chepesi, umbo linalokata upepo, magurudumu yaendayo sawasawa, na dereva mwenye subira. Haba na haba hujaza kibaba. Na haba na haba hukimaliza.

Je, sisi wa Afrika Mashariki? Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde motokaa ya Kenya. Zikaundwa motokaa tano za petroli, zikaitwa Nyayo, na mwaka 1990 zikaonyeshwa hadharani. Wananchi walizishangilia, lakini fedha za kuziunda kwa wingi hazikupatikana, na mradi ukafifia. Hapa pana funzo: kuunda motokaa ni jambo moja, na kuendeleza kazi baada ya siku ya vigelegele ni jambo jingine.

Wenzetu wa Makerere, Uganda, walianza kwa hatua ndogo. Wanafunzi wao walishirikiana kwanza na wanafunzi wa nchi nyingine kuunda motokaa iliyoitwa Vision 200, iliyoonyeshwa mwaka 2008. Waliporudi nyumbani na maarifa hayo, chuo chao kikaunda Kiira EV, motokaa ya umeme ya watu wawili, nayo ikaendeshwa barabarani mwezi wa Novemba 2011. Mwaka 2016 likafuata basi la Kayoola, lililosaidiwa na nguvu za jua. Kila chombo kilikuwa mwalimu wa kile kilichokifuata.

Nanyi, wanafunzi, msidhani ya kwamba mambo haya ni ya vyuo vikuu tu. Petroli yetu huagizwa ng'ambo, lakini sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, mito na upepo wa nchi hii. Anzeni kwa betri, waya na sumaku. Undeni mota ndogo, kisha igari dogo la kuvutwa nayo. Mmoja achore, mwingine apime, wa tatu aunge nyaya, wa nne aandike katika daftari kila kilichoharibika na sababu yake. Daftari hilo lihifadhiwe shuleni, ili kidato kitakachofuata kianzie pale mlipokomea. Nyayo ilikosa mwendelezo. Msiache kazi yenu ikose.