CHUO, SHULE NA SKULI: HISTORIA YA ELIMU YETU KATIKA MANENO YAKE

Istilahi haizaliwi mezani pa kamati peke yake. Mara nyingi huwa imekwisha kuishi maisha marefu vinywani mwa watu kabla ya kuandikwa katika orodha, na maisha hayo huacha alama. Katika makala haya tunakusudia kuyachungua maneno machache ya elimu, tukiyatazama kutoka Mzenga, katika Wilaya ya Kisarawe. Tutajaribu kuonyesha jinsi historia, siasa na utamaduni zilivyoijenga elimu ya nchi yenye urithi wa namna mbili: ule wa mwambao wa Kiislamu na ule ulioletwa na Wazungu, yote miwili juu ya msingi wa wenyeji uliotangulia.

Tuanze na msingi huo. Mzenga ni nchi ya Wazaramo. Huko mvulana alipelekwa jandoni, na msichana alipovunja ungo aliwekwa ndani, akaitwa mwali, akafundwa na kungwi. Kitenzi hiki cha kufunda ndicho kilichotuzalia kufunza, kufundisha, mafunzo na mwanafunzi. Kwa hiyo tendo lenyewe la kuelimisha tunalitaja hadi leo kwa neno la nyumbani.

Juu ya msingi huo ukaja Uislamu. Katika Kiswahili cha kale chuo ni kitabu, na mwanachuoni ni mtu wa vitabu. Baadaye chuo kikawa mahali watoto walipojifunza kuisoma Kurani. Pamoja nacho yalikuja maneno yenye asili ya Kiarabu: elimu, mwalimu, darasa, kitabu, kalamu, daftari, mtihani.

Wajerumani walipofungua shule ya serikali mjini Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, hawakuifanya kuwa ya dini, maana walihitaji makarani na maakida kutoka kwa watu wa pwani, ambao wengi wao walikuwa Waislamu. Hapo ndipo neno la Kijerumani Schule lilipogeuka kuwa shule. Yafaa ikumbukwe kwamba neno hilo liliingia karibu peke yake. Ndani ya shule mwalimu alibaki mwalimu, na kitabu kikabaki kitabu.

Kilichogeuka ni hati. Maofisa wa kwanza wa Kijerumani walikuwa wakipokea barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Baadaye herufi za Kirumi zikawa ndizo za ofisi. Mzee wa Uzaramo aliyesoma na kuandika kwa herufi za chuoni akajikuta anahesabiwa miongoni mwa wasiosoma, ingawa hakupoteza hata chembe ya elimu yake. Kilichopotea ni thamani ya elimu hiyo machoni pa serikali.

Neno kusoma nalo likawa na utata. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walikuwa wamejenga Kisarawe na Maneromango kabla ya karne ya 20 kuanza. Katika misheni kusoma kulikwenda pamoja na kujiandaa kwa ubatizo. Huko Uganda Wakristo wa mwanzo waliitwa kwa jina lenye maana ya wasomaji. Si ajabu basi mzazi Mwislamu alisita kumpeleka mtoto wake. Baadaye chuo cha Kianglikana cha Mtakatifu Andrea kilihamishwa kutoka Kiungani, Unguja, hadi Minaki, na Wakatoliki wakawa na shule yao Pugu, ambako Mwalimu Nyerere alifundisha hadi mwaka 1955. Hivyo katika nchi yenye Waislamu wengi, milango ya elimu ya juu ilikuwa mikononi mwa makanisa.

Waingereza nao walizitenga shule kwa rangi: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Lakini Unguja kwenyewe, ambako Wajerumani hawakutawala, watu walikwisha kupata skuli kutoka Kiingereza. Ndiyo maana katika Jamhuri moja ya Muungano mtoto wa Mzenga huenda shule na wa Makunduchi huenda skuli.

Baada ya Uhuru ubaguzi wa rangi ulifutwa katika shule kuanzia mwaka 1962. Mwaka 1967 lilitolewa tamko la Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kikapewa nafasi ya kufundishia katika madarasa yote ya msingi, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za misheni, Minaki ikiwa mojawapo, mikononi mwa taifa. Hapo ndipo chuo kilipolipwa haki yake: neno lililokuwa limesukumwa kando na shule likapanda hadi kileleni, tukapata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970. Shahada, ambayo kwa asili ni ushuhuda wa imani, ikawa cheti cha chuo hicho.

Hata hivyo kazi haijakwisha. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike pia katika sekondari. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwaka 1990 ilichapishwa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilikifungulia Kiswahili mlango katika ngazi zote, lakini sekondari zetu zimeendelea kufundisha kwa Kiingereza.

Hapa hatuna budi kumkumbuka yule mzee wa Uzaramo. Alifanywa mjinga kwa kubadilishiwa herufi. Mtoto wa kijijini anayefaulu darasa la saba kwa Kiswahili, kisha akanyamaza katika kidato cha kwanza, anafanyiwa jambo lile lile kwa kubadilishiwa lugha. Istilahi anazozihitaji zimekwisha kuundwa, zimelala kamusini. Sisi tulio na kazi ya kuunda maneno tusiridhike na urefu wa orodha zetu, bali tudai zifike darasani.